Eti Eiffel! Stesheni ya Maputo na Wabishi wa Kijiwe Chetu

Mssyuu! Eti Eiffel. Afrika hii ukiona jengo lolote la chuma au lenye kuba, ukauliza nani kalijenga, utaambiwa Eiffel. Mzee yule angekuwa hai angetudai ujira wa kazi ambazo hakuzifanya.

Ubishi wenyewe ulitua kijiweni kwa mkono wa jamaa yetu aliyerudi Msumbiji juzijuzi. Alikwenda na biashara zake za vitenge, akarudi na picha tele kwenye simu. Akaizungusha simu mkono kwa mkono juu ya ubao wa drafti, vizibo vya soda vikavurugika na aliyekuwa anaelekea kula king akalalamika mpaka basi. Tukatazama. Jengo refu, rangi ya kijani hafifu na nakshi nyeupe, matao juu na chini, na katikati kuba kubwa la shaba limekaa kama sufuria la pilau la harusi lililofunikwa lisipoe. Tukaambiwa tukisie ni nini. Mmoja akasema msikiti. Mwingine akasema ikulu. Mwalimu mstaafu, ambaye kwa mdomo wake hajawahi kukosea, akasema kanisa kuu la Wareno.

"Stesheni ya treni hiyo," akasema jamaa. "Maputo. Na aliyeichora ni yule yule wa mnara wa Paris."

Ndipo nikasonya. Mwalimu akanigeukia: "Wewe kila kitu unasonya. Una hoja au una jino?"

Nina hoja, mwalimu. Gustave Eiffel alizaliwa mwaka 1832. Stesheni ya Maputo, wakati huo mji ukiitwa Lourenço Marques, ilianza kujengwa 1908. Toa huku, weka huku: babu wa watu ana miaka 75. Na si uzee tu. Kashfa ya mfereji wa Panama ilimtia mahakamani, akahukumiwa 1893, hukumu ikaja kutenguliwa baadaye, lakini hamu ya ukandarasi ilikuwa imekwisha. Akakaa zake na upepo: kupima hali ya hewa, kudondosha vitu kutoka kwenye mnara wake ili ajue hewa inavyovikinza. Mtu wa namna hiyo aache upepo wake, aje achore vibanda vya tiketi kwenye ghuba ya Wareno?

Waliochora wanajulikana kwa majina: Alfredo Augusto Lisboa de Lima, Mário Veiga na Ferreira da Costa. Kazi ilianza 1908, uzinduzi ukafanywa 1910 hata jengo halijaisha (mambo ya uzinduzi ni ya zamani, msidhani yameanza na sisi), na likakamilika 1916. Basi. Lakini nenda kamwambie mtalii "Lisboa de Lima" uone kama atainua kamera. Mwambie "Eiffel" uone atakavyolala chini kutafuta pembe nzuri. Jina kubwa linauza, ndiyo maana halibanduki. Wenzetu wa Maputo wana nyumba nyingine pia, Casa de Ferro, nyumba ya chuma tupu ya mwaka 1892, nayo ilikabidhiwa kwa Eiffel mdomoni hivyo hivyo, wakati mabamba yake yalitoka Ubelgiji. Iliagizwa akae gavana. Nyumba ya chuma, kuta chuma, jua la Bahari ya Hindi! Gavana akasema asante, hapana. Mtu akiniambia hiyo ni akili ya mhandisi mkubwa duniani nitasonya tena.

"Lakini Mfaransa yumo," jamaa akang'ang'ania. "Nimeambiwa na watu wa pale pale."

Yumo kweli. Ila hakuchora hata dirisha. Ghuba ile ya Delagoa Ureno waliitaka na Uingereza waliitaka, wakagombana mpaka wakatafuta msuluhishi. Wakampata Mac-Mahon, rais wa Ufaransa. Tarehe 24 Julai 1875 akawapa Wareno. Kwa furaha yao wakaupa uwanja ulio mbele ya stesheni jina lake, wakaita na barabara kubwa ya mji 24 de Julho, na hata bia moja ya huko, 2M, imetokana na jina lake: M mbili za Mac-Mahon. Uhuru ulipokuja 1975, uwanja ukabadilishwa ukawa Praça dos Trabalhadores, Uwanja wa Wafanyakazi. Barabara ikanusurika, kwa sababu Samora Machel, rais wa Msumbiji huru, alitangaza kutaifisha mali tarehe hiyo hiyo, 24 Julai 1975. Jina likabaki, maana yake ikageuzwa. Bia haikuguswa kabisa. Mapinduzi yana mipaka yake.

Na ukisimama kwenye uwanja huo usije ukashangaa kujikuta nyumbani. Inayotokea hapo ni Rua de Bagamoyo. Naam, Bagamoyo hii hii, kwa heshima ya shule ya FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, iliyokuwa huko kwetu. Zamani za Mreno iliitwa Rua Araújo, na ilikuwa mtaa wa vilabu, mabaharia na akina dada wa usiku. Mpiga picha Ricardo Rangel aliipiga picha mpaka ikawa na sifa dunia nzima. Mwalimu aliposikia hilo alikaa kimya kidogo, maana yeye kwao ni Bagamoyo, akauliza kama vilabu bado vipo. Tukamwambia ajibane. Mbele kidogo kuna bustani ya mji, hapo kale ikiitwa kwa jina la Vasco da Gama, leo ni Jardim Tunduru, kwa ajili ya kambi ya wapigania uhuru kule Tunduru. Barabara ya Julius Nyerere nayo ipo, ndefu, ya wenye nazo. Sisi tunapigania picha ya kuba, kumbe nusu ya mji ule una majina ya kusini na pwani yetu.

Haya, turudi relini. Jamaa alikuwa na picha ya pili, na hiyo ndiyo iliyonishika mimi kuliko ile ya kuba. Ya ndani, upande wa jukwaa la abiria. Nguzo nyembamba za chuma zimepangana mstari, kichwani kila moja ina chuma kilichokunjwa kikajiviringa kubeba paa. Reli zinakuja, zinakuja, zinafika nyuma ya jengo, zinaishia hapo hapo; ni mwisho wa njia, treni haina pa kupita, lazima irudi ilikotoka. Pembeni wamepumzisha vichwa vya treni vya mvuke, vyeusi, vimesuguliwa vinang'aa. Mbele ikulu, nyuma karakana. Ukiiangalia picha hiyo unajua kuba halihusiani na safari. Halimfuniki abiria, halimkingi mvua. Liko pale litazamwe na mtu anayetoka bandarini, ajue amefika kwenye mji wenye pesa.

Sasa swali langu kwa kijiwe lilikuwa hili, na walinikatisha mara chungu nzima kabla sijalimaliza: mnabishana nani alichora, mbona hamuulizi nani alilipa?

Lourenço Marques ulikuwa mji mdogo wa homa. Kilichouinua ni dhahabu ya Witwatersrand, iliyogunduliwa 1886, kule Johannesburg. Ukitafuta bandari iliyo karibu zaidi na dhahabu ile, ni hiyo. Paul Kruger, rais wa Makaburu wa Transvaal, aliitaka njia yake ya bahari isiyopita kwa Mwingereza. Mmarekani mmoja, Edward McMurdo, alishapewa kibali cha kujenga reli upande wa Msumbiji tangu 1883. Ureno ikamnyang'anya 1889 kwa madai kwamba anachelewesha kazi. Kesi ikaenda kwa wasuluhishi wa Bern, Uswisi, wakaamua mwaka 1900 kwamba Ureno ilipe zaidi ya faranga milioni 15. Kuvunja mikataba ya reli na kulipishwa fidia, hayo nayo si ya jana.

Njia ya kwenda Pretoria ilifunguliwa 1895, na mara ikawa ya wakimbizi wakubwa wakubwa. Desemba 1899, Winston Churchill, kijana mwandishi wa vita, alitoroka jela ya Makaburu akajificha kwenye behewa la mizigo katikati ya marobota ya sufu, akaibukia Lourenço Marques. Hata mwaka haujaisha, Septemba 1900, akapita Kruger mwenyewe kwenye reli hiyo hiyo, naye anakimbia, safari hii akiwakimbia Waingereza. Akapanda meli ya kivita ya Waholanzi akaenda zake Ulaya asirudi tena akiwa hai. Wote wawili hawakuliona kuba. Lilikuwa bado.

Kuba lilikuja na mkataba. Hapa ndipo nilipowaomba waache kete. Waingereza walipoishika Transvaal walihitaji watu wa kushuka shimoni, na watu walio karibu, wenye nguvu, wasio na wa kuwasemea, walikuwa vijana wa kusini mwa Msumbiji. Ureno ilikuwa nao. Ureno nayo ilitaka mizigo ipite kwenye bandari yake. Wakapatana kwa muda mwaka 1901, kisha wakatia saini mkataba kamili Aprili 1909: Wareno wataruhusu makampuni ya migodi kuandikisha watu, na kwa malipo ya fadhila hiyo, mizigo ya eneo la Johannesburg isiyopungua nusu itapitia Lourenço Marques. Soma tena taratibu. Watu waende, mizigo ije. Mwaka huo 1909 mafundi wa stesheni walikuwa juu ya jukwaa la ujenzi wanapandisha matofali.

Shirika lililoandikisha liliitwa Witwatersrand Native Labour Association. Watu hawakuwa na ulimi wa kupoteza kwenye jina refu hivyo, wakaita Wenela. Na hapo mzee wetu wa kahawa, ambaye kwa kawaida husema "nikuongeze?" tu, akatua birika lake chini. "Wenela naijua," akasema. "Kwetu Tukuyu walikuwa wakienda." Kweli kabisa. Wanyakyusa walikwenda migodi ya Afrika Kusini, kwa njia zao za huku juu, si kwa kupitia Maputo, mpaka serikali ya Tanganyika huru ilipopiga marufuku. Yule kijana wa bodaboda akauliza Wenela ni nini, na mzee akamjibu kwa mkato: "Manamba wa chini ya ardhi." Jibu hilo mimi nisingelipata. Manamba wa mkonge tunawajua. Na wengi waliokuja kukata mkonge Tanga walikuwa Wamakonde waliovuka Ruvuma kutoka huko huko kwa Mreno. Huku mkonge, kule dhahabu, na nyumbani nyuma yao chibalo.

Chibalo ndiyo kazi ya kulazimishwa. Ukikaa kijijini bila ajira wanayoitambua wao, unakamatwa, unapelekwa ukafanye kazi kwa ujira wa kukudhalilisha: bandari, reli, barabara. Bandari na reli za Lourenço Marques zilitumia chibalo kwa miaka mingi. Kwa hiyo kijana wa Gaza au Inhambane, huko kusini mwa Msumbiji, alikuwa na uchaguzi wake: abebe mizigo bandarini chini ya kiboko, au ajiandikishe Wenela ashuke shimoni. Wengi wakaona bora shimo, angalau huko kuna mshahara wa kulipia mahari.

Mshahara wenyewe sasa! Kwa mkataba wa 1928, mtu hakai mgodini kupita miezi 18, arudishwe kwao, na sehemu ya ujira wake izuiwe, apewe akisharudi. Mtu akisikia hivyo atasema wamemtunza asiile yote. Subiri. Miaka ya mwisho ya ukoloni fedha hiyo iliyozuiwa, Afrika Kusini iliilipa Ureno kwa dhahabu, kwa bei rasmi, ambayo ilikuwa chini ya bei ya soko. Ureno ikabaki na dhahabu. Mchimbaji akipanga foleni anahesabiwa escudo. Faida ya katikati ikaenda Lisbon. Nilipoeleza hapo, kijiwe kizima kilisonya kwa pamoja, na safari hii hakuna aliyeniuliza habari za jino.

Huko kwao aliyerudi waliita magaíça. Anashuka na sanduku, blanketi jipya, suti, na zawadi za wakwe. Wengine walishuka na kikohozi cha vumbi la mgodini, hicho hakikuandikwa kwenye mkataba wowote. Ndio hao ninaowaita wenye stesheni. Hawakuchora, hawakukata utepe, lakini mizigo iliyoufanya mji ule uwe na haja ya stesheni ya namna hiyo ilinunuliwa kwa migongo yao.

"Kwa hiyo unataka tulichukie jengo?" kijana wa bodaboda akauliza. Kijana huyu ana tabia ya kutaka kila jambo liwe simba au yanga.

Nani kasema? Jengo ni zuri, zuri la kukera. Newsweek ya Marekani ililitaja miongoni mwa stesheni nzuri kabisa duniani, na safari hii Wamarekani wameona sawasawa. Hollywood nao walilipiga picha kwenye filamu ya Blood Diamond ya 2006, habari za almasi za Sierra Leone zilizochimbwa kwa damu. Hawakujua, au walijua wakanyamaza, kwamba jengo wanalolipiga lina madini yake mengine nyuma yake. Ndani wamefungua makumbusho ya reli, na pamekuwa na klabu ya muziki wa jazi, ambayo huyo huyo Rangel, kabla hajafariki 2009, aliipenda mpaka watu wakaiita kwa jina lake. Treni za abiria si nyingi, lakini zipo: kwenda Ressano Garcia mpakani, kwenda Goba upande wa Eswatini, kwenda Chicualacuala upande wa Zimbabwe. Stesheni nzuri yenye treni chache si kosa la mchoraji.

Kijana akaona amepata upenyo. Akasema ya kwetu ya SGR pale Dar inaipita, vioo vitupu, umbo la tanzanite, na treni ni ya umeme tangu 2024. Mwalimu akamuuliza: nani alilipa? Kijana akasema sisi. Mwalimu akasema mkopo. Wakaanza kutajiana mabilioni, na mimi nikanyamaza kwa sababu wote wawili walikuwa sahihi na hakuna aliyetaka kusikia hivyo.

Tulipokuwa tunataka kutawanyika jamaa akakumbuka picha ya mwisho. Katikati ya uwanja, mbele ya stesheni, limesimama sanamu kubwa la mwanamke wa jiwe, na hapo pana nyoka. Wareno walilisimamisha 1935, kazi ya mchongaji Ruy Roque Gameiro, kuwakumbuka Wazungu na Waafrika waliokufa upande wao kwenye Vita Kuu ya Kwanza. Vita hivyo vilipiganwa kwenye mpaka wetu: Mreno aliichukua Kionga 1916, akavuka Ruvuma mpaka Newala, akazingirwa humo na Wajerumani, akarudi mbio. Mwaka uliofuata jemadari wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, akamfuata huko huko kwake. Mizigo ya pande zote, kama kawaida, ilikuwa vichwani mwa wapagazi.

Lakini wenyeji wa Maputo hawakujali sana habari za Mreno na Mjerumani. Wao wana hadithi yao. Wanasema hapo palikuwa na mti, na kwenye mti nyoka anayewarukia wapita njia na kuwaua. Wanaume wakashindwa. Mwanamke mmoja akapika uji, akaupandisha moto mpaka unatokota, akajitwika chungu kichwani akapita chini ya mti. Nyoka akajirusha kichwani pake kama alivyozoea, akatumbukia kwenye uji, akafa. Kwao sanamu lile ni la mwanamke huyo, na mimi sioni kwa nini niwabishie. Hadithi hiyo ina faida kuliko ya Eiffel: aliyefanya kazi ndiye anayetajwa.

Mama anayetuuzia maandazi, aliyekuwa muda wote anatusikiliza huku anageuza mafuta, akaomba simu. Akalitazama lile jiwe, akakuza picha kwa vidole viwili, akashuka nayo mpaka kwenye nyoka, akapanda nayo mpaka kichwani.

"Uji unaotokota, kichwani," akasema. "Na ngata yake iko wapi? Huyo aliyechonga hajawahi kujitwika hata ndoo."